Mashine za kukatakata matawi: tuzungumzie kisu kabla ya chapa

ShambaJambiani

Assalaam alaykum wajuzi. Tunatafuta mashine moja ya kukatakata matawi, ihudumie bustani za hoteli upande wa Jambiani na Paje pamoja na mashamba mawili ya viungo kule Kizimbani. Mzigo wenyewe ni matawi ya mivinje ya unene wa sentimita 5 hadi 12, makuti mabichi na makavu, matawi ya miembe, mifenesi na miarobaini, na mara mojamoja gogo la mnazi lililokwisha pasuliwa. Trekta lipo, la HP 45, PTO yake (shafti ya nyuma inayoendesha mashine) ni mizunguko 540 kwa dakika.

Wauzaji wote wananisifia injini, rangi na magurudumu. Mimi nataka kujua kisu. Kipi kinastahamili mchanga wa pwani, kipi kinanoleka hapahapa Unguja, na kipi kikiisha kitatusimamishia kazi miezi miwili tukingoja spea? Majina niliyoletewa ni Vermeer, Bandit, Timberwolf, GreenMech, Wallenstein na hizi za Kichina zinazoitwa BX.

FundiKonde

Waalaykum salaam. Umeanza mahali penyewe. Injini ikichoka, mashine inapunguza kazi tu. Kisu kikiwa kibovu hata ukifunga trekta la HP 100 utapata nyuzi na moshi wa mkanda.

Kwanza tukubaliane maneno. Ndani ya mashine hizi kuna visu vya aina mbili vinavyofanya kazi pamoja kama mkasi. Viko vinavyozunguka, na kiko kimoja kilichofungwa kwenye kitako ambacho hakitembei; mimi nakiita kisu cha chini. Tawi linalala juu ya kisu cha chini, kile kinachozunguka kinapita karibu yake na kulikata. Wengi hubadilisha vya juu na kukisahau cha chini. Pembe yake ikishakuwa ya mviringo, gamba la mti linavutwa ndani ya mwanya badala ya kukatwa, na nyuzi za makuti zinaanza kujisokota kwenye shafti.

Sasa namna zenyewe. Kuna mashine za sahani: visu vimefungwa ubavuni mwa sahani nzito ya chuma. Hizi ni Timberwolf na GreenMech za Uingereza, TP ya Denmark, Wallenstein ya Kanada, na BX za Kichina ambazo zimefuata umbo la Wallenstein. Uzito wa sahani ndio unaohifadhi nguvu tawi nene linapoingia, na mapezi yaliyofungwa kwenye sahani hiyohiyo yanapuliza chenga, yaani vipande vilivyokatwa, nje kupitia dohani. Kuna za dramu: visu vimepangwa juu ya pipa linalozunguka. Vermeer BC1000XL ni dramu, Morbark wanajulikana sana kwa dramu, na Bandit wana za dramu na za sahani. Kuna ya parafujo, Laimet ya Finland, yenye kisu kimoja kilichojizungusha juu ya koni. Inavuta tawi yenyewe bila rola (magurudumu ya kuvutia tawi ndani), na urefu wa chenga unategemea hatua ya parafujo. Chenga zake ni nzuri sana kwa tanuri, lakini kukinoa kisu kilichojipinda namna ile hapa visiwani sikushauri hata kidogo. Eliet ya Ubelgiji ina visu vidogo vingi vinavyopiga kufuata nyuzi za mti, kama shoka linavyopasua kuni. Caravaggi ya Italia inachanganya visu na nyundo zinazoning'inia.

Kwa trekta ulilonalo jibu langu ni sahani ya kufunga nyuma ya trekta, yenye visu bapa vilivyonyooka. Vermeer na Bandit kubwa huja na injini zake na matairi yake. Ni mashine za kampuni zinazokata miti kutwa nzima.

Na hesabu hii uiweke kichwani. Sahani ya BX au Wallenstein ndogo ina kipenyo cha inchi 25, karibu sentimita 63. Kwa mizunguko 540 kwa dakika inazunguka mara 9 kwa sekunde, kwa hiyo ukingo wa sahani unakwenda karibu mita 18 kwa sekunde. Visu vikiwa vinne, hiyo ni mikato 36 kila sekunde. Rola zikivuta tawi mita 12 kwa dakika, chenga itatoka na urefu wa milimita tano na nusu. Ukizifungulia mpaka mita 18, chenga inafika milimita nane na trekta linabeba mzigo mkubwa zaidi. Kwa hiyo ukubwa wa chenga hautegemei mkono wako, unategemea mwendo wa rola na idadi ya visu. Trekta likishuka hadi mizunguko 400, mapezi hayapulizi tena na dohani linaziba.

Mvinje_Bwejuu

Fundi, GreenMech umeipita haraka, na kwa pwani yetu ina jambo kubwa ambalo nyengine hazina. Kisu chake kinachojulikana si bapa refu, ni duara la chuma lililofungwa kwenye sahani. Wakati wa kazi sehemu moja tu ya duara ndiyo inayogusa mti. Ikishakuwa butu unalegeza bolti, unazungusha mpaka sehemu mpya ije mbele, unakaza. Kila duara lina nafasi tatu kabla ya kwenda kunolewa. Tena jiwe au msumari ukiingia, unaumia ukingo wa duara moja au mawili, si upana mzima wa kisu.

Kuanzia Makunduchi mpaka Michamvi hakuna tawi lisilo na mchanga. Mvinje uliokatwa ukaburutwa ufukweni umebeba mchanga kwenye kila kijiti. Kisu bapa kinakula mchanga huo upana wote mara moja.

FundiKonde

Kwa mchanga nakubali kabisa, duara lina akili. Kwa spea sikubali. Kisu bapa kikiwa butu, karakana yoyote yenye mashine ya kusaga bapa, au hata fundi mwenye jiwe na kishikio cha pembe, atakinoa. Duara linataka lizungushwe sawasawa huku linasagwa, la sivyo litatoka yai, na yai kwenye sahani inayozunguka ni mtikisiko. Aliye na hoteli kumi na fedha ya kuagiza maduara kumi na mawili ya akiba, achukue GreenMech. Aliye na trekta moja na shamba Kizimbani, achukue bapa na ajifunze kunoa.

Kuna kitu cha katikati pia. Baadhi ya mashine, Vermeer BC1000XL ikiwemo, zina visu vyenye makali pande mbili: upande mmoja ukiisha unakigeuza. Na kuna mfumo wa Key Knife wa Marekani, wenye visu vidogo vya makali mawili ambavyo havinolewi. Unageuza, vikiisha unatupa. Kwa kiwanda kikubwa ni nafuu kwa sababu mashine haisimami. Kwetu kila kisu kinachotupwa ni kontena jengine la kusubiri bandarini.

Dramu_Mwera

Mimi nasimama na dramu. Tawi la mwembe lenye panda tatu ukilitia kwenye sahani yenye mdomo mwembamba unasimama kulipunguza kwa panga kila dakika. Mdomo wa dramu ni mpana, rola zinaliponda na kulikunja lenyewe. Mtu mmoja analisha kazi ya watu wawili. Makuti vilevile: kuti zima linaingia bila kukunjwa.

Na hizi dramu ndogo za petroli za HP 13 hadi 15 za Kichina je? Zipo nyingi na bei yake si mbaya.

FundiKonde

Kwa mdomo mpana una haki, ndugu yangu, na kama mzigo wote ungekuwa miembe ningekufuata.

Hizo ndogo za petroli, zilizo nyingi zina dramu yenye visu viwili, hazina rola, tawi linavutwa na kisu chenyewe. Kwa matawi ya mwarobaini ya sentimita 4 hadi 6 zinafanya kazi. Usiamini ile inchi nne iliyoandikwa ubavuni. Hiyo ni tundu la mdomo, si uwezo wa kazi ya kutwa. Mvinje mkavu wa sentimita 10 utasimamisha mkanda. Kwa sababu dramu ni nyepesi haina akiba ya nguvu kama sahani nzito, kwa hiyo kisu kikipungua makali kidogo tu unaona mara moja.

Mashine nzuri zenye rola utazijua kwa kitu kimoja: zina kifaa kinachosoma mizunguko ya injini. Mizunguko ikishuka, rola zinasimama au kurudi nyuma kidogo, injini ikipona zinaendelea. Vermeer, Timberwolf, TP na nyengine nyingi wanacho, kila mmoja na jina lake. Kwa mashine ya PTO inayoendeshwa na kijana mgeni, kifaa hicho kinaokoa mikanda na pini.

BiMakonyo

Salaam wanangu. Nimeona makuti yametajwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kuti lina sehemu zake na kila sehemu inamtesa kisu kwa njia yake.

Vilifu na makarara (maganda magumu ya maua ya mnazi) viondolewe kwanza kwa mkono. Kilifu ni kitambaa cha nyuzi, hakikatiki, kinajifunga kwenye shafti kati ya sahani na beringi. Kikishajaa kinabana sili ya beringi, grisi inatoka, beringi inakufa. Upongoo, ule mfupa wa katikati ya kuti, uingie kwa upande wa shina, si kwa ncha. Ukianza na ncha, majani yanapita kwenye mwanya bila kukatwa. Kuti bichi lililokatwa leo ni baya zaidi. Liache linyauke siku tatu au nne kivulini. Likikaa mpaka likakauka kabisa linatoa vumbi jingi na linawaka upesi, kwa hiyo msimwage chenga zake karibu na dohani la moshi la trekta. Na changanyeni: makuti mawili, kisha tawi moja la mvinje. Mti mgumu unasukuma nje majani yaliyobaki ndani.

Gogo la mnazi ni jambo jengine. Ngozi yake ya nje ni ngumu sana kuliko moyo, na mti wa mnazi una silika (madini kama ya mchanga) inayokula makali. Pasueni vipande vyembamba, vya upana wa mkono, muutie siku visu vinakaribia kunolewa, si siku vimetoka kunolewa.

Chenga za mnazi msizirundike. Chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, anataga kwenye magogo ya minazi yanayooza na kwenye marundo ya mbolea, na rundo la chenga zenye unyevu kwake ni nyumba vilevile. Tandazeni, unene usizidi sentimita 8. Kama lazima kuwe na rundo, ligeuzwe kila wiki mbili. Funza wakitoka juu kuku watawamaliza. Kwenye tangawizi na manjano tandazeni juu ya udongo tu, msizichanganye ndani, kwa sababu chenga mbichi zikioza ndani ya udongo zinachukua naitrojeni na majani yanageuka njano. Kwenye vanila na pilipili manga acheni nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina.

Mnyaa usiingie humo hata kipande kimoja. Utomvu wake ukirushwa na sahani unaunguza macho. Na makonyo ya karafuu si takataka, yana soko lake kwenye kiwanda cha mafuta Wawi.

ShambaJambiani

Bi, ahsante sana, hili la vilifu hakuna muuzaji aliyelitaja. Fundi, naona naelekea kwenye sahani yenye visu bapa. Sasa kunoa. Nani atueleze hatua kwa hatua, na tujue lini kimeisha?

Spana17

Lini: tazama chenga, usitazame saa. Kisu kizuri kinatoa chenga zenye kingo safi, kama vipande vya mhogo uliokatwa. Kikianza kuchoka unaona nyuzi ndefu, vumbi jingi, na gamba linatoka vipande virefu. Kikizidi, tawi linarukaruka mdomoni na mashine haivuti tena. Kwa mti safi wengi wanapata saa 15 hadi 25 kati ya kunoa na kunoa. Kwa mivinje ya ufukweni hesabu nusu yake au chini, na ukiingia na mzizi wenye jiwe la matumbawe ni dakika moja tu.

Kabla ya kutoa visu: zima trekta, toa ufunguo utie mfukoni. Sahani inaendelea kuzunguka dakika moja na zaidi baada ya kuzima, na haina sauti. Subiri isimame kabisa, chomoa shafti ya PTO, kisha ifunge kwa pini yake. Kama mashine haina pini, tia kabari ya mbao kati ya sahani na kitako. Vaa glavu za ngozi. Visu hivi hukata hata vikiwa butu.

Toa visu vyote, kimoja kwa kimoja, na uandike namba kwa rangi kwenye kisu na kwenye nafasi yake. Safisha utomvu kwa mafuta ya taa. Utomvu wa mwembe na mfenesi ukiganda chini ya kisu unakiinua nusu milimita na mwanya wote unaharibika, kwa hiyo kwangua na kikalio chake pia.

Pembe ya makali ifuate kiwandani. Visu vingi vya mashine hizi viko kati ya digrii 30 na 40. Pima kabla hujaanza, kata kipande cha bati kifuate pembe hiyo, na ukitumie kukagua. Watu huharibu hapa. Kisu kinanolewa kwa mkono, pembe inakuwa butu, kinang'aa na kinaonekana kikali, lakini kisigino cha makali kinagusa mti kabla ya ncha. Tawi linarudishwa nyuma na mtu anaanza kulaumu rola.

Saga upande wa mshazari peke yake. Mgongo bapa usiguswe isipokuwa kupitisha jiwe laini la mafuta mara mbili tatu kuondoa ndevu za chuma zinazobaki ukingoni. Tumia maji mfululizo. Chuma kikigeuka rangi ya buluu ukingoni umeshakichoma, ugumu umekwenda, na ukitumia hivyo makali yatakunjika saa ya kwanza. Sehemu ya buluu lazima isagwe mpaka iishe. Grainda ya mkononi ya kukatia nondo siitaki karibu na visu hivi.

Toa kiasi kilekile kwenye visu vyote, hata kile ambacho hakikuumia. Kimoja kikiwa na kovu la milimita 2, vyote vinapungua milimita 2. Kisha pima uzito kwa mizani ya jikoni. Visu vinavyotazamana kwenye sahani visipishane zaidi ya gramu 5. Vikipishana, punguza kile kizito kwenye ncha za pembeni, usiguse makali. Kwenye mizunguko tisa kwa sekunde tofauti ndogo inakula beringi, na beringi ya sahani haibadilishwi na mtu mmoja.

Kila kisu kina upana wa mwisho ulioandikwa kwenye kitabu. Kikishafika hapo kitupe, kwa sababu bolti zinabaki karibu mno na ukingo.

Spana17

Naendelea, maana kufunga ndiko kunakoua mashine nyingi kuliko kunoa.

Bolti za visu ni za daraja, tazama namba kichwani. M12 (ya unene wa milimita 12) ya daraja 8.8 inakazwa karibu Nm (nyutonimita) 80, ya 10.9 karibu Nm 115. Kitabu cha mashine kikisema vyengine fuata kitabu. Tumia spana ya kupimia, si bomba refu na nguvu ya kijana. Nati zenye nailoni zinatumika mara moja tu. Kaza kidogokidogo kwa kupokezana, usimalize moja kabla ya nyengine.

Kisha mwanya. Kwa sahani za aina ya BX, kati ya kisu kinachozunguka na kisu cha chini kuwe na milimita 0.8 hadi 1.5. Kwa makuti kaa karibu na 0.8. Legeza bolti za kisu cha chini, weka fila (bamba jembamba la kupimia mwanya), sukuma, kaza, pima tena kushoto, katikati na kulia. Zungusha sahani kwa mkono mzunguko mzima na upime kwa kila kisu, si kwa kimoja, kwa sababu vinne havilingani kamwe. Weka mwanya kwa kile kilicho karibu zaidi. Baada ya saa moja ya kazi simama, kaza tena na pima tena.

Kisu cha chini mara nyingi kina pembe nne zinazofaa. Kigeuze kabla hujakinoa.

Na ile pini au bolti ya kukatika kwenye shafti ya PTO: ikikatika weka ileile ya daraja lake. Anayeweka bolti ngumu zaidi "ili isikatike tena" amehamisha mvunjiko kutoka kwenye bolti ya bei ndogo kwenda kwenye giaboksi la trekta.

KijanaMkoani

Shikamoo ami FundiKonde. Huku Mkoani kuna mafundi wanachonga mapanga na majembe kwa springi za gari, na chuma chake ni kizuri. Kwa nini tusichonge visu vya mashine kwa springi hizohizo badala ya kuagiza?

FundiKonde

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na jibu lake nalitenga sehemu mbili.

Kisu cha chini, ndiyo. Hakizunguki, kimeshikwa na kitako, kikipasuka kinabaki palepale. Springi ya lori inafaa. Nyoosha, chimba matundu kwanza chuma kikiwa laini, kata pembe, kisha pasha mpaka sumaku isishike, zamisha kwenye oili na si maji, halafu kirudishe motoni joto la digrii 200 hadi 250 kwa saa nzima ili kisibaki kama kioo. Kijaribu kwa tupa mpya: ikikwaruza kwa tabu kiko vizuri, ikila chuma kirahisi ni laini mno, ikiteleza kabisa bila kuacha alama hakikurudishwa motoni sawasawa.

Kisu kinachozunguka, hapana, na hapa sitabadilisha kauli. Kinakwenda karibu mita 18 kwa sekunde kikiwa kimeshikwa na bolti mbili au tatu. Springi ya zamani ina nyufa usizoziona kwa macho. Kikipasuka kipande kinatoka kwa dohani au kwa mdomo, na mdomoni kuna mtu. Hivyohivyo kisu chenye ufa kisichomelewe. Joto la kuchomelea linaharibu ugumu kandokando ya ufa na kitapasuka hapohapo.

Ukiagiza visu vya kuzunguka uliza chuma. Visu vya Kimarekani vingi ni A8 iliyorekebishwa, inastahamili kugonga fundo na msumari mdogo bila kumenyeka. Wachina watakuandikia 65Mn, 9CrSi, Cr12MoV au H13. 65Mn ni chuma cha springi, bei ndogo, inanoleka kirahisi na inaisha upesi. Cr12MoV inashika makali muda mrefu kwenye mchanga lakini ikigonga msumari inamenyeka vipande. Kwa mivinje ya pwani ningechukua Cr12MoV. Kwa miembe ya mjini iliyojaa misumari ya mabango ningechukua kisu kinachostahamili kugongwa. Ugumu uwe HRC (kipimo cha Rockwell cha ugumu wa chuma) 55 hadi 58.

Na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe si mbadala. Visu vyake ni vyembamba, vya nyasi. Tawi la unene wa mkono linavivunja.

UmemeAmani

Kwa mwenye bustani ndogo bila trekta: mashine za umeme za kilowati 2.5, kama Bosch AXT 25 TC, zinakata tawi hadi milimita 45 na zinatumia plagi ya kawaida ya nyumbani. Tatizo ni waya. Mota ya kilowati 3 kwa mita 50 za waya wa milimita za mraba 1.5 inapoteza karibu volti 15, na wakati wa kuanza inapoteza nyingi zaidi. Mota inanguruma haizunguki, inaungua. Tumia waya wa 2.5, na uufungue wote kutoka kwenye kigurudumu chake.

Mvinje_Bwejuu

Nimekubali hoja ya spea. Basi kwa mchanga ongezeni hili: msiburute matawi ufukweni, beba juu ya turubai. Kata sentimita 20 za chini za kila shina lililogusa ardhi, hiyo itupwe pembeni. Visu vikishatoka kazini vipanguswe kwa kitambaa cha oili jioni ileile. Upepo wa chumvi unaacha kutu kwenye makali usiku mmoja, na kutu ni makali yaliyokwisha. Mashine ilale chini ya paa, dohani lifunikwe.

Mlishaji asimame ubavuni mwa mdomo, si mbele yake. Asivae kanzu, asifunge kanga kiunoni, asiwe na kamba ya tawi mkononi. Tawi fupi lisukumwe kwa tawi jengine, si kwa mkono.

ShambaJambiani

Tumekubaliana: sahani ya inchi 25, rola za haidroli, visu vinne bapa. Tunaagiza seti mbili za ziada, moja ifanye kazi wakati nyengine iko kwa mnoaji. Muuzaji anataka vipimo vya kisu. Nimpe vipi asilete vinginevyo?

Spana17

Chora kisu kwenye kadibodi kwa kukizungushia kalamu, kata, kiweke juu ya kisu uhakikishe. Andika kwa milimita urefu, upana na unene; kipenyo cha tundu; umbali kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu; umbali wa tundu la kwanza kutoka mwisho wa kisu na kutoka kwenye makali. Kama kichwa cha bolti kinazama ndani ya kisu, pima upana wa mzamo na kina chake, kwa sababu kikitoka juu hata milimita moja kitagonga kisu cha chini. Pima kwa kalipa, si kwa futi ya fundi seremala.

Piga picha ya upande wa mkato, na nyengine kisu kikiwa mahali pake kwenye sahani. Kuna visu vinavyolingana kila kipimo, tofauti ni mshazari umekaa upande wa mzamo wa bolti au upande wa pili, na ukikosea hapo havifungiki.

Bolti na nati agiza pamoja na visu, mara mbili ya idadi. Na kisu cha chini kimoja cha akiba, hata kama cha sasa bado kizima.